Kipngeno Hajui Kukimbia

Jumanne, 3 Juni 2025

Lynn wa HR ametuletea mambo mapya — mazoezi kabla ya kazi, kila mtu, mpaka meneja. Eti tutapunguza stress. Mimi nikimbie na watu wa mauzo wakipiga kelele? Nikabaki nyuma peke yangu, natembea, nasikiliza ndege. Ajabu, nimekaa kwa dawati nimetulia siku nzima.

Tukagawanywa timu, na yetu ilihitaji kapteni. Lynn hakuuliza mtu. Kipngeno wa stoo, basi! Jina lenyewe la Kikalenjin lilitosha. Yeye akacheka, akakubali.

Alhamisi, 12 Juni

Siku hizi nalala fofofo. Hata Mbugua wa mauzo hanikeri tena. Dawa yangu iko kule nyuma, mahali hakuna anayenitazama. Dawa ya Mbugua ni kelele, bila watu hawezi hata kufunga kamba za viatu. Lynn anadhani mazoezi ni chai ya ofisi, birika moja kwa wote.

Kipngeno amekonda. Nilimkuta stoo ameegemea magunia ya mbegu, mkono kifuani. Akasema ni gesi.

Jumatano, 18 Juni

Leo Kipngeno ameniambia ukweli. Hajawahi kukimbia maishani! Alizaliwa mtaa wa Rhonda, hapa mjini, shule ilikuwa ng'ambo ya barabara. Sasa kila jioni anajifunza kwa siri, na kifua kinambana. Daktari alimwambia aache mbio kwanza, arudi apimwe moyo. Hajarudi.

Nikamwambia aongee na Lynn.

"Mugure, wewe ukibaki nyuma, watasema umechoka. Mimi je?"

Huyu mtu hajui kusema hapana. Ukimwomba kalamu anakupa na karatasi. Mficha maradhi kifo humuumbua — sikuthubutu kumwambia hivyo, naandika hapa tu. Naogopa.

Ijumaa, 20 Juni

Nimeshindwa kunyamaza, nikamwambia Lynn. Akacheka.

"Wacha zako! Hao huzaliwa wakikimbia. Anakubeba ufala, anakudanganya tu."

Akamwita palepale, akamuuliza. Kipngeno akasema yuko fiti kabisa. Hakunitazama. Kesho ni mashindano ya timu, kupanda mlima Menengai.

Jumamosi, 21 Juni

Nimekaa kwa jiwe, bado mbali na kilele. Wenzangu wako mbele, nawasikia wakiimba jina lake. Kip-nge-no, Kip-nge-no. Sauti ya Mbugua inashinda zote.

Kabla tuanze alinipa simu yake nimbebee. Hakutaka uzito mfukoni. Asubuhi yenyewe ni ya baridi, sote tumevaa masweta, lakini yeye alikuwa ameshalowa jasho. Nikamshika mkono, nikamwambia arudi nyumbani. Akasema ni leo tu, baada ya hapo atapumzika.

Sasa hivi simu imelia. Ni Chepkirui, mke wake. Nikapokea. Akadhani mimi ni nesi. Kipngeno alimwambia leo anaenda kupimwa moyo, kwa hivyo anauliza kama ameshaonwa, na daktari amesema nini.

Nimemwambia angoje kidogo. Hajakata.

Huko juu wameacha kuimba.