Mama Amempa Msichana wa Kazi Jina Langu

Kwako Bi Zubeida,

Nisaidie kabla sijafanya jambo nitakalojutia, maana barua hii nimeianza mara tatu kwenye kantini ya kiwandani na mara tatu nimeichana, na leo nimesema naituma hata ikiwa mbaya. Naishi Makongeni, Thika, na mamangu mzazi yuko kwangu tangu 1994 alipoanza ugonjwa wa kusahau, daktari akatuambia hakurogwa wala si wazimu, ni akili inayozeeka, na hatarudi alivyokuwa. Nimeajiri wasichana wanne wa kumwangalia nikiwa kazini, wa kwanza aliondoka kwa kuitwa mwizi wa blauzi ambayo mama mwenyewe alikuwa ameivaa, wa pili nilimfukuza nilipokuta amemfungia mama kwa kufuli akaenda kusukwa nywele, wa tatu alitoroka bila kuaga, na wa nne ni Nduku, na huyu ndiye taabu yangu, kwa sababu hana kosa.

Bi Zubeida, kwetu Wakamba mtoto akipewa jina la nyanya yake, mzazi humwita kwa heshima ya huyo nyanya, na mimi nina jina la mama yake mama, kwa hivyo tangu nizaliwe mama hajaniita ila Mwaitu, yaani mama yangu, hata akinichapa alinichapa huku akiniita Mwaitu. Sasa Mwaitu ni Nduku. Nduku anaitika, mama anakula, anaoga, anatulia, na mimi nikirudi kutoka kazini natazamwa kama mgeni. Jumamosi iliyopita nilikuwa nafua, nikamsikia akimnong'oneza Nduku, "Mwaitu, huyo msichana wa kufua ametoka wapi? Anafua vizuri lakini ana uso wa hasira."

Iliniuma sana. Nikamkataza Nduku kuitika jina hilo. Akaniambia, "Mama Kiilu, mimi sikujipatia hilo jina. Akiita na hakuna mtu anaitika, yeye huogopa." Nikamjibu kwamba hapa ni kwangu. Jumatatu akanitii. Mama aliita asubuhi nzima, chakula hakugusa, na Nduku alipogeuka kuepua sufuria mama akafungua lango akatoka. Tulimpata saa kumi jioni karibu na reli, pekupeku, akiuliza watu kama wamemwona mama yake.

Kakangu Mwau aliye Ruiru anasema nimfukuze Nduku, kwamba amemteka mama akili. Nikimfukuza najua nitaajiri wa tano na wa sita, na nikimwacha, kila jioni naingia nyumbani kwangu nikiwa si mtu. Nifanye nini?

Aliyenyang'anywa Jina, Makongeni

*

Dada yangu,

Pole. Kusahauliwa na aliyekuzaa ni msiba usio na matanga, hakuna jirani anayekuletea sukari. Lia, una haki. Ukimaliza nisikilize, kwa sababu nitakusema.

Hujanyang'anywa jina. Soma tena barua yako mwenyewe: kule relini mamako hakuwa akimtafuta Nduku, wala hakuwa akikutafuta wewe. Alikuwa akimtafuta mama yake. Jina hilo lilikuwa la nyanyako kabla halijawa lako, na mamako sasa ni mtoto, na anayemlisha ndiye mama. Ulidhani unamwadhibu Nduku. Ulimfanya mamako yatima kutwa nzima, na Mungu akakuhurumia akarudi mzima.

Nduku abaki. Mwombe msamaha kwa mdomo wako, usimpe kitambaa ukadhani yamekwisha. Mpe Jumapili nzima aende zake, maana hakuna binadamu awezaye kuwa mama wa mtu siku saba. Komeo la lango lipandishwe juu leo, usingoje mwisho wa mwezi. Shona jina la mamako na namba ya nyumba ndani ya kila sweta yake, na uwaambie wenye maduka wakimwona peke yake wamshike mkono polepole wamrudishe, wasibishane naye. Mwau anaongea kwa sababu mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mwambie Jumapili moja kila mwezi ni yake, aje avue koti amwogeshe mama, na kama hawezi, anyamaze.

Jumapili zilizobaki ni zako. Usiingie chumbani kudai jina, ingia na beseni. Mamako amekwisha kukuajiri, amesema unafua vizuri, basi anzia hapo, na huo uso wa hasira uuache mlangoni. Akikuita "wewe msichana," itika. Pengine siku moja katikati ya kuoga atakuita Mwaitu, pengine hutalisikia tena mpaka umzike. Ukiitwa, itika. Usipoitwa, endelea kumsugua mgongo.

Bi Zubeida