Mama Yangu Aliolewa, Hakuajiriwa

Kola,
Machakos.
11 Juni 2025

Mpendwa Shangazi Wavinya,

Nakusalimu kutoka hapa nyumbani. U hali gani, na baridi ya huko Denmark imepungua? Tracy na Lenny wanaendeleaje na shule? Sisi tu wazima. Mama yako, bibi yangu Susu Kamanthe, goti bado linamsumbua asubuhi, lakini akishaota jua hutembea mpaka zizini bila fimbo. Mama yangu naye hajambo. Mbaazi zimeanza kutoa maua.

Salamu zimekwisha, Shangazi. Sasa niruhusu nikueleze kwa nini nimekasirika hivi. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hunikatiza, nami nikikatizwa huomba msamaha hata pale nisipokuwa na kosa.

Jumapili baada ya kanisa nilipata barua pepe kutoka kwa Inger na Torben, ile familia nitakayokaa nayo Odense nikisomea utunzaji wa kumbukumbu. Ndiyo barua yao ya kwanza. Unajua nilivyoingoja. Miezi miwili nimekuwa nikijiuliza nitawaitaje, kama nitaruhusiwa kujipakulia chakula, kama nitaweza kuendesha baiskeli waliyoahidi kuniazima. Nimeogopa mambo mengi, hata mbwa wao, lakini sikujua kwamba wa kuogopwa ni wewe.

Susu na Mama waliketi jikoni wakitaka niwasomee. Nikawa nasoma na kutafsiri kwa Kikamba. Nina chumba changu, dirisha linatazama bustani. Kila mtu ana siku yake ya kupika. Susu akauliza, "Hata huyo mwanamume?" Nikamwambia ndiyo, Torben ni Jumanne. "Basi Jumanne uwe unakula huko shuleni kabla ya kurudi," akasema, na Mama akacheka mpaka akajifuta macho.

Kisha nikafika kwenye sentensi iliyofuata, nikanyamaza.

"Soma," Susu akasema. "Wamekukataa?"

Ningeweza kuiruka. Lakini mimi si hodari wa kudanganya, na hasa mbele ya Susu. Nikasoma. Inger ameandika kwamba wamevutiwa sana na wema wa familia yako, kumsomesha binti wa mtumishi wenu wa nyumbani. Akaongeza kwamba nisiwe na wasiwasi, kwao sitafanyishwa kazi kama mama yangu.

Mama aliinuka akaenda kuanua nguo, na nguo zilikuwa bado mbichi. Susu akauliza, "Nani amewaambia Kalunde ni mtumishi wangu?" Kabla sijafungua mdomo akajijibu mwenyewe, "Ni Wavinya." Tangu siku hiyo hajakutaja.

Jumatatu niliomba ofisi ya mpango wetu wa masomo inirushie nakala ya fomu yangu ya maombi, nikaitafsiri kwa simu. Ile niliyokupa nilikuwa nimeijaza kwa Kiingereza, kwa mkono wangu, nawe ukasema kazi yako ni kuigeuza tu kwa lugha yao. Pale nilipoeleza kuhusu nyumba yetu, umefuta. Umeandika kwamba Kamanthe ni mama yako mjane, na Kalunde ni mfanyakazi anayeishi kwake pamoja na mtoto wake. Na chini kabisa, chini ya maneno ya kuthibitisha kwamba yote ni kweli, umeweka jina langu.

Mimi ni karani wa masjala kwa wakili, Shangazi. Kila siku napokea hati za kiapo, nakagua sahihi, narudisha karatasi zenye kasoro. Nimeona watu wazima wakilia mahakamani kwa sababu ya mstari mmoja wa uongo. Nawe umenitilia sahihi uongo katika nchi ambayo hata sijaikanyaga. Kazini akili imenihama. Juzi niligonga muhuri wa "Imepokelewa" kwenye gazeti la Wakili Makau.

Ulikuwa na miaka kumi na sita Susu alipopeleka mbuzi wa ntheo, wale wa kufunga ndoa, kwa kina Mama. Ni wewe uliyenisimulia kwamba ulisaidia kuwaswaga hao mbuzi njiani. Susu alikuwa amezaa mabinti watupu, Babu ameshafariki, na boma lilihitaji watu wa kubaki. Akaoa. Alimwoa Kalunde awe iweto wake, mke wa nyumba yake wa kuzaa watoto wa boma hilo, kama wanawake wa kwetu walivyooa tangu zamani. Wazee walikula nyama, majirani walishuhudia, nami nikazaliwa ndani ya ndoa hiyo. Hakuna aliyempangia Mama mshahara.

Najua utasema Wazungu hawataelewa. Huenda. Lakini ungeweza kuiacha nafasi hiyo wazi. Ungeweza kuandika "jamaa" ukanyamaza. Ulichagua neno linalokufanya wewe mfadhili na mama yangu mtu wa kufagia. Mama yangu ndiye anayemkanda mama yako goti kwa maji ya moto kila asubuhi, wakati wewe una miaka saba hujakanyaga hapa. Kama hiyo ni kazi ya kuajiriwa, njoo basi uifanye wewe.

Jana niliwaandikia Inger na Torben mwenyewe, nakala kwa ofisi ya mpango. Nimewaeleza Susu ni nani na Mama ni nani. Wewe sikukutaja kwa ubaya. Nilisema tu kwamba maelezo ya kwanza hayakuwa yangu. Wakili Makau aliisoma, akaniambia, "Mutanu, wanaweza kukufuta kwenye orodha. Umefikiri?" Nikasema ndiyo. Kisha nikaisoma tena mara moja, nikaituma.

Hawajajibu. Masomo yanaanza Agosti, na nikikosa familia ya kunipokea nakosa na nafasi pia. Naitaka sana safari hii, Shangazi. Sijawahi kutaka kitu hivi, na umenilazimisha kukiweka rehani kwa ajili ya aibu yako.

Uliahidi kunipokea uwanja wa ndege na kunipeleka hadi mlangoni kwao. Wakinikubali, utawaambia nikiwa nimesimama hapo, kwa lugha yao, kwamba mimi ni mjukuu wa mama yako na kwamba mama yangu ni mke wa nyumba yenu. Ukiona huwezi, usije. Naogopa zile ngazi zinazotembea zenyewe, naogopa treni, naogopa kupotea. Nitauliza njia.

Nisalimie sana Tracy na Lenny; wao hawana hatia. Dada yako Kavutha wa Mwala anakusalimu, hajui lolote kuhusu haya. Mama nilimwuliza kama nitie salamu zake. Alifikiri, akasema nitie. Susu hakutuma salamu.

Mungu akulinde, akupe na ujasiri wa kumpigia mama yako simu.

Ni mimi mtoto wako, ninayekupenda na niliyekukasirikia,

Mutanu