Karoti Alizojing'olea Yonasi

Jumatatu, 1 Juni 1964
Nimepunguza karoti changa tena. Mgongo unauma. Zikibanana zote hubaki nyembamba, basi nyingine lazima ziondoke. Seleri imenawiri kando ya mfereji, lakini mabibi wa wazungu waliokuwa wakiinunua wamekimbia vita, wamevuka mpaka kwenda Bujumbura. Namwagilia bure. Acha iwe bure. Nisipomwagilia nifanye nini?

Jumatano, 3 Juni
Jirani yangu Mama Furaha amevuka mpaka na watoto wake. "Weye iko unangoja nini hapa?" Nikamwambia nangoja Yonasi. Mtoto wangu wa pekee. Aliacha masomo akafuata wapiganaji wanaopinga serikali, bila hata kuniaga. Nikiondoka, akirudi atakuta mlango tu. Njia yetu yote imekuwa kimya.

Jumapili, 7 Juni
Hakuna misa, padri amekwenda. Nimepika samaki, mukeke wa ziwani, kwa seleri, chungu cha watu wawili. Mazoea. Nusu imechacha. Nina hasira na Yonasi, hasira kweli kweli. Afadhali hasira kuliko woga.

Alhamisi, 11 Juni
Wapiganaji wameingia kutoka Sange, wamelala shuleni. Yonasi yuko! Nikapika sombe, majani ya muhogo, kwa mawese, nikavaa kitenge cha sikukuu, nikaenda. Akatoka, mifupa mitupu. Nikamkimbilia nimkumbatie. Akaruka nyuma.

"Mama, usiniguse! Dawa itakufa!"

Mganga wao amewamwagia maji ya dawa ili risasi zisiwapate, na ameweka miiko. Wasiguswe na mwanamke, wasile kilichopikwa na mwanamke. Hata mama mzazi. Nimerudi na sufuria yangu, nalia barabarani bila haya. Mimi niliyemnyonyesha!

Ijumaa, 12 Juni
Kesho wanashuka uwanda wa Ruzizi kupigana na jeshi. Wanajipikia wenyewe, na Yonasi hajui hata kusonga bugali. Nimekasirika nikimwagilia, mpaka ikanijia: karoti haihitaji kupikwa. Haihitaji mkono wangu. Alikuwa akiziiba mbichi tangu mdogo, namchapa, anarudia. Nikaenda kwenye ua wa shule nikapaza sauti: "Yonasi! Karoti zimekomaa! Kuja ujing'olee!"

Nimemsikia akicheka.

Jumamosi, 13 Juni
Amekuja asubuhi na mwenzake wa kumchunga. Nimesimama mwisho wa tuta, mikono nyuma, nisije nikajisahau. Aling'oa mwenyewe, akaosha mferejini, akakata vichwa, akatafuna kama mbuzi.

Mwenzake akauliza, "Nani alipanda hizi?"

"Mungu," Yonasi akajibu, mdomo umejaa.

Nilicheka, Yesu wangu, nilicheka. Mwenzake naye akala. Yonasi akajaza mifuko. Alikuwa na udongo kidevuni, nilitamani sana kumpangusa. "Iko tamu, Mama," akasema. Wakaondoka.

Leo sikuwa peke yangu.

Jumatano, 17 Juni
Ndege za jeshi zimepita juu ya uwanda. Hakuna habari. Nimepalilia pasipo na magugu.

Jumatatu, 22 Juni
Yule mwenzake amerudi peke yake. Yonasi amepigwa risasi karibu na Lubarika. Wamemzika kando ya barabara. Sijui ni wapi hasa, naye hakumbuki.

Kisha akaniuliza kwa ukali kama nilimgusa.

Sikumgusa. Nimemwapia. Hata kidole. Nilisimama na mikono nyuma kama mfungwa ili mtoto wangu apone, na hakupona. Ningejua ningemshika. Ningemshika mbele yao wote, wanipige wakitaka.

Alhamisi, 25 Juni
Sikutoka nje.

Jumapili, 28 Juni
Nimeteka maji. Vile vichwa vya karoti alivyovitupa mferejini vimechipua. Vitatoa majani tu, karoti haitoki tena hapo. Hilo nalijua. Nimevikusanya, nikavipanda karibu na mlango, nikavimwagilia.