Upande wa Silinda Ambao Papa Hakuusugua

Hjulsta, Stockholm
21 Februari 2010

Papa mpenzi,

Pokea kwanza salamu zangu na za mjukuu wako Akili. Goti lako linasemaje huko Bukavu, na Mama amepona kikohozi? Sisi tu wazima, Mungu atukuzwe, ila theluji imefika magotini na haina adabu. Akili nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiswidi, tena kwa kiburi. Kiburi hicho nadhani amekirithi kwangu.

Barua yako imefika, pamoja na zile karatasi ulizozilaza juu ya bastola ya Babu ukazisugua kwa penseli hadi alama zake zikatokea. Nilizipeleka kazini nikawaonyesha wote. Niliwaambia hii ni kazi ya Onésime, fundi bunduki wa mtaa wa Kadutu, baba yangu mzazi, na kwamba mkono wake haujaanza kutetemeka.

Niache nijisifu kidogo, Papa, maana huku hakuna wa kunisifu kwa lugha yetu. Unajua niliingia katika nyumba hii ya mnada kama mfagizi, lakini sijawahi kukueleza vizuri nilivyouacha ufagio. Mwaka 2003 nilikuwa napangusa meza ya Bwana Hedlund, mkuu wa silaha za kale. Juu yake palikuwa na bastola ya silinda iliyong'aa, na kibandiko kilisema imetengenezwa Marekani. Bei waliyoikadiria ingenunua gari. Mimi nikaona nikeli inabambuka kama rangi ya ukuta wenye unyevu, skrubu zimelegea, na namba ya silinda haifanani na ya mtutu. Nikamwomba atazame silinda upande wa kushoto, upande ambao karakanani kwako ulikuwa ukinipiga kidole nikisahau kuanzia ukaguzi hapo. Akachukua kioo cha kukuzia, akaona umbo dogo la yai lenye herufi E, L, G na nyota. Ni alama ya ukaguzi ya Liège, mji wa mafundi bunduki huko Ubelgiji. Ilikuwa bastola ya Kibelgiji ya bei rahisi, mojawapo ya zile zilizotengenezwa kwa madazeni, zikaandikwa maneno ya Kiingereza kuwahadaa watu, zikapakiwa makashani kwenda kuuzwa nchi za mbali. Bei ikashuka kutoka gari hadi baiskeli, tena ya mtumba. Bwana Hedlund akaniuliza nimesomea wapi, nikamwambia Kadutu. Akaandika, akidhani ni chuo kikuu, na mimi sikumsahihisha kwa wiki mbili nzima.

Leo kila bastola ya namna hiyo hupita mikononi mwangu. Watu huzitoa kwenye dari za nyumba za wajomba zao waliokuwa mabaharia, wakija na matumaini makubwa, nami huwaambia ukweli. Jina langu linachapwa kwenye orodha ya mnada. Mzee mmoja alidai aletewe Mswidi. Bwana Hedlund akamjibu kwamba kwa bastola hizi yeye mwenyewe huja kuniuliza mimi. Siku hiyo, Papa, nilikwenda kupanda metro kichwa juu kama bibi harusi.

Ndiyo maana ombi lako limeninyima raha. Unataka karatasi yenye muhuri na saini yangu, iseme kwamba bastola ya Babu ni ya Kimarekani na ya thamani kubwa. Isomwe mbele ya ukoo mwezi wa nne, siku ya ibada ya kutimiza miaka ishirini tangu Babu afariki, ili Baba mdogo Évode, anayedai si ya Kimarekani, anyamaze. Wote tumekua tukiisikia habari yake. Babu alikuwa kapita, msimamizi wa vibarua, miaka thelathini na moja kwenye shamba la kwinini, na Mzungu wake alipokimbia mwaka 1960 alimwachia bastola ya Kimarekani badala ya malipo ya uzeeni.

Nimezipanga karatasi zako mezani. Umesugua mtutu, kitako, namba, hata skrubu. Silinda umeisugua upande wa kulia tu. Papa, mtu aliyenifundisha kuanzia kushoto hawezi kuusahau upande huo.

Basi na mimi niungame. Nilipokuwa na miaka kumi na mitatu, ninyi mkiwa kanisani, nilifungua sanduku la Mama nikaitazama bastola ile. Niliiona alama ile ya yai. Jioni Babu alipowasimulia wageni habari yake, nilipiga makofi kuliko wote. Na wiki iliyopita niliiandika karatasi unayoitaka, nikaigonga muhuri, kisha nikaichana. Nililia, sikufichi.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi ya kweli: bastola ya Liège, ya bei rahisi, krona mia tatu. Chini yake nimeongeza mstari ambao sijawahi kumwandikia mteja yeyote: ndicho alichopewa babu yangu, kapita Israël, kwa miaka thelathini na moja ya kazi. Nakuomba uisome wewe mwenyewe mbele ya ukoo, umesimama. Babu hakumdanganya mtu, yeye ndiye aliyedanganywa. Na mimi nawe, Papa, tumembebea Mzungu yule aibu yake muda mrefu mno.

Nibusie Mama. Baba mdogo Évode msalimie pia, mwambie kuhusu bastola alikuwa na haki, ila asitambe sana. Bwana awalinde nyote.

Binti yako akupendaye,
Hortense