Kamba za Upande wa Ziwa

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo cha Polisi cha Mji, Balykchy, mkoa wa Issyk-Kul, Kirgizia
Tarehe 22 Januari 2017, saa 3:20 asubuhi

Jina: Kubat Esenaliev
Umri: miaka 43
Kazi: daktari wa meno
Makazi: nyuma ya stesheni ya reli, Balykchy

Mimi ndiye mwenye jina hilo hapo juu. Nimekuja kituoni kwa hiari yangu baada ya kusikia kwamba Beibars Otegenov, raia wa Kazakhstan, amezuiwa hapa na pasipoti yake kuchukuliwa, kwa tuhuma ya kuharibu mali ya mji. Ninayoyaeleza niliyaona kwa macho yangu, isipokuwa pale nitakaposema nimeambiwa.

Mbali na udaktari, mimi ni kipa wa timu ya hoki ya barafu ya mji huu. Tunaitwa Ulan, jina la upepo wetu unaotoka kwenye korongo la Boom. Kwa miaka mingi tulicheza kwenye kidimbwi kilichoganda, na ligi yetu ilikuwa ya timu tatu tu, zote za ukingo huu wa ziwa. Tulikuwa tumekwisha kujuana hadi makovu. Vuli iliyopita tukajengewa uwanja mpya: barafu ya mashine, viti, na juu yake kuba jeupe la turubai lisilo na nguzo hata moja, linalosimama kwa hewa ya feni na kushikiliwa na kamba zilizofungwa kwa ndani, upande wa korongo na upande wa ziwa. Siku lilipojazwa hewa mara ya kwanza nilifunga kliniki nikaenda kutazama. Lilinyanyuka taratibu kama ngamia anayeamka. Watu wazima walivua kofia. Kwa sababu ya uwanja huo, timu za ng'ambo ya mpaka zilikubali kuingia kwenye ligi yetu.

Mnamo tarehe 21 Januari 2017, siku ya Jumamosi, saa nane mchana, tulianza mechi ya kwanza na wageni kutoka Tekeli, Kazakhstan. Nahodha wao ndiye huyo Beibars. Sikuwa namjua, na dakika tano zilitosha kunifanya nisimpende. Alipopita langoni kwangu aliniuliza, "Daktari, wewe mlinda lango au mlinda kuku?" Nikamwambia asogee nimhesabie meno yaliyobaki. Akanifunga mabao mawili, na baada ya kila moja alikuja kuniinamia kama mtu aliyekaribishwa chai. Mpaka kipindi cha tatu tulikuwa mbili kwa mbili. Nasema haya ieleweke kwamba simtetei rafiki.

Karibu saa tisa na nusu upepo ulianza. Kwetu upepo si habari, lakini huu ulikuja na sauti ya treni ndani ya handaki. Umeme ukakatika na feni zikanyamaza. Jenereta ya akiba haikuwaka. Nimeambiwa ilikuwa haijaunganishwa. Kuba likaanza kulegea juu yetu, tukabaki kwenye mwanga hafifu, kama tumefunikwa na maziwa. Msimamizi wa ujenzi, Bwana Tilek, alitangaza kwamba watu watoke kwa utulivu. Mlango uko upande wa korongo, na turubai lilikuwa limeulalia. Haukusogea.

Ndipo kamba za upande wa korongo zilipokatika zenyewe, moja baada ya nyingine, upepo ukaingia chini ya kuba. Nimezaliwa mji huu na sijaona kitu kama kile. Nyumba nzima ilivuta pumzi. Turubai lilipanda mpaka nikaona mbingu upande ule, kisha likashuka na kupiga viti vya upande wa ziwa, pamoja na taa nzito zilizokuwa zikining'inia ndani yake, na likapanda tena. Viti hivyo ndivyo walivyokalia watoto wa shule ya msingi na wazee, akiwemo mama yangu mzazi, Bibi Batma. Pigo la pili lilivunja safu ya juu, ambayo watu walikuwa wametoka kuihama.

Beibars alipaza sauti kwamba wote walale chini, kifua sakafuni, katikati ya viti. Walilala. Hata mama yangu, ambaye hajawahi kunitii mimi, alilala. Kisha Beibars alivua kiatu kimoja cha barafu, akaruka ubao wa uwanja, akapita nyuma ya viti na kuanza kukereza kamba ya kwanza kwa chuma cha kiatu. Ilikuwa imekazwa kiasi kwamba haikuhitaji kukerezwa sana. Ilikatika kwa mlio kama wa bunduki.

Bwana Tilek alimshika mkono, akamwambia kuba ni mali ya mji na akilikata ataozea jela. Jibu la Beibars nalikumbuka lilivyo: "Mzee, mimi nilikuwa askari wa miavuli. Mwavuli ukianza kukukokota, huubembelezi. Unaukata."

Akautoa mkono wake polepole, bila kumsukuma mzee. Mguu mmoja ulikuwa na soksi tu kwenye sakafu iliyoganda. Mimi nilikuwa nimemfuata, nimesimama na mavazi yangu yote ya kipa kama kabati. Akanitazama.

"Kipa, mwenzio nina kiatu kimoja mkononi, nakata. Wewe bado umevaa vyote viwili. Unangoja nini?"

Nilivua changu. Yeye alitokea kaskazini, mimi kusini. Kamba za upande wa ziwa zilikuwa kumi na moja. Tulizikata zote. Ya mwisho tulikutana nayo katikati, na sijui iliachia kwa chuma cha nani.

Kuba liliondoka lote kwa mara moja. Lilipita juu ya watu waliolala bila kumgusa hata mmoja, likajikunjua juu ya maghala, jeupe, kubwa kuliko kitu chochote kilichowahi kujengwa mjini hapa, likaenda na upepo mpaka likalala juu ya maji ya ziwa. Jua liliiangukia barafu yetu, haina ufa hata mmoja. Milima ya ng'ambo ilikuwa imesimama palepale, karibu sana, kama na yenyewe ilikuja kutazama mechi. Wachezaji wa timu zote mbili walikuwa wamevua kofia zao ngumu, na upepo ule wote ukiwapiga usoni.

Mama yangu aliinuka, akajikung'uta, akaniambia, "Mwanangu, babu zetu walipohama na mahema yao walifungasha kwanza. Hema hili limehama lenyewe." Kisha akamfuata Beibars, akavua soksi yake moja ya sufu na kumvisha mguuni, na alipiga magoti kufanya hivyo. Sijawahi kumwona mama akimpigia magoti mtu.

Mtoto mmoja alichubuka paji la uso na mwalimu wao alivunjika kidole. Wengine ni wazima.

Nimeambiwa Bwana Tilek anasema kuba lingejishikilia lenyewe kama lingeachwa. Mimi si mhandisi. Ninachojua ni mahali mama yangu alipokuwa amekaa.

Wageni wamelala majumbani mwetu, watatu kwangu. Wamekataa kupanda basi bila nahodha wao. Mwenyekiti wa ligi ameniambia kwamba timu za ng'ambo zinasubiri kusikia, na kwamba akishtakiwa huyu hazitavuka mpaka tena. Hilo ni la wakubwa. Mimi nimekuja kwa sababu kazi ilikuwa ya watu wawili na aliyezuiwa ni mmoja.

Hayo ndiyo niliyoyaona na niliyoyatenda. Nimeyasema bila kulazimishwa na mtu, na nitayarudia popote nitakapoitwa.

Sahihi ya shahidi: K. Esenaliev

Maelezo ya afisa: Nimemsomea shahidi maelezo haya yote. Penye kamba kumi na moja nilikuwa nimeandika "Alizikata zote." Shahidi aligoma kutia sahihi mpaka isomeke "Tulizikata zote." Nimerekebisha kwa mkono, na wote wawili tumetia sahihi pembeni. Baada ya kuwasiliana na mkuu wa kituo, Otegenov amerudishiwa pasipoti yake saa 5:10 asubuhi. Ameondoka na shahidi kwa miguu kuelekea ziwani, ambako watu wanalivuta kuba kutoka majini.

Luteni A. Moldokeeva