Wamemleta Baba Mkwe Anizuie Uenyekiti

Mpendwa Shangazi Jerono,

Naomba unisaidie kabla sijafanya kitu cha kujuta, maana nimekasirika mpaka maziwa yamepungua na mtoto analia. Mimi ni mama kijana wa hapa Kiminini, shule niliachia darasa la nane, lakini baiskeli ndiyo imenilea, nilianza kwa kugawia waendeshaji maji mashindano ya Kitale hadi Bungoma yakipita, nikapewa kazi ya kuwafunga namba za mgongoni, mwishowe nikawa katibu wa chama chetu cha baiskeli, mimi ndiye huenda kwa polisi kuomba barabara, na mimi ndiye nilianzisha mbio za akina mama wanaouza maziwa kwa baiskeli, watu wakasema ati hakuna atakayekuja, na walikuja hata kutoka Kachibora wakiimba. Mwenyekiti wetu Sukhwinder, yule wa duka la vipuri Kitale, anastaafu, na aliniambia mbele ya watu, "Nabwile, kazi unafanya wewe, si uchukue na kiti?" Nikapeleka jina langu nikiwa na furaha.

Makamu wake, Festus, akacheka. "Mwenyekiti gani ananyonyesha kwa mkutano? Lea kwanza, bana." Nilipokataa kutoka, alienda kwa baba mkwe wangu, mzee ambaye hajawahi kusimama hata kando ya barabara kutazama mashindano, akamvalisha koti la chama, akamwambia watu wanamlilia awe mwenyekiti, na mzee akakubali! Shangazi, unajua kwetu Wabukusu mkamwana hamsalimii baba mkwe kwa mkono, hakai naye benchi moja, hamjibu hadharani, sasa nitasimamaje niseme nichagueni mimi, yeye mumwache? Festus anajua hiyo vizuri, yeye pia ni wa kwetu. Mume wangu Wamalwa anasema, "Ondoa jina tu, mama, mzee asiaibike," lakini anasema akiangalia chini. Uchaguzi ni Jumamosi, Bungoma. Nikitoka, Festus ataongoza akiwa nyuma ya mzee, na mbio za akina mama ameshasema ni mchezo wa sokoni, atazifuta. Nikibaki, nitaitwa mwanamke asiye na adabu. Nifanye nini?

Nabwile, Kiminini

Nabwile mwanangu,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, hasira haikuniruhusu kukaa. Pole sana. Lakini wewe pia nikugombeze kidogo: nani alikuambia heshima ya ukwe ni mzigo wa mkamwana peke yake? Kama wewe hufai kusimama mbele ya mzee, hata yeye hafai kusimama mbele yako. Mzee anayejiheshimu akimwona mkamwana anakuja hupisha njia. Huyu wako amekufuata mpaka kwa uchaguzi, na jina lako lilikuwa limetangulia! Aliyevunja mwiko ni nani hapo? Festus ameshika nusu ya mila, ile inayokupiga wewe, nusu nyingine ameificha. Asituone wajinga.

Na wewe Wamalwa, najua utasoma hii: inua macho. Huyo ni babako, na wewe unaruhusiwa kumwambia kile mkeo hawezi. Mchukue senge wako, dada ya mzee, muende kesho asubuhi. Muulizeni, "Mzee, umewahi kuona wapi mtu akigombana na mkamwana wake mbele ya watu?" Msimtukane, amedanganywa tu. Mpeni mlango wa kutokea: aje kama mgeni wa heshima, apeperushe bendera ya kuanzisha mbio, apigiwe makofi.

Nabwile, jina usiondoe. Mzee akikataa kusikia, Jumamosi kaa upande wa mbali, usimtaje, usimtazame. Ongea na wanachama. Waambie umefanya nini na utafanya nini, kisha ukae. Mtoto akilia mnyonyeshe papo hapo, Festus akikasirika atazame ukuta. Na wale akina mama walio wanachama wafike mapema, maana wimbo hauhesabiwi kuwa kura.

Mzee mpe heshima yake yote. Kiti usimpe.