Kivuli cha Mwenye Ndoo ya Buluu

Dada Mwajuma,

Shikamoo. Ulizoea kuipokea bila kugeuza kichwa, kalamu ikiwa bado mkononi: "Marahaba, umekula?" Leo nimekula. Nimekula kwa mama yako, ugali na dagaa wa mawese, nimerudi hapa kwenye chumba chetu cha kazi Buzebazeba nimeshiba na nimechoka. Huu ni mwezi wa tatu tangu tukuzike, na uchovu wenyewe si wa mwili. Nikilala nao, naamka nao.

Nianze na kazi, maana najua ungeuliza hiyo kwanza. Katuni yetu imefika onyesho la nane, la mwisho. Yule mtoto anayemtafuta bata wake tangu asubuhi amempata, pale mwaloni Bangwe, wavuvi wanaposhusha samaki, jua likizama. Ulikuwa umeacha mandhari tu: ziwa upande wa kushoto, mchanga, na milima ya Kongo ng'ambo. Watu hukuwaweka. Ulisema wote ambao mtoto aliwauliza njiani warudi kumshangilia, kwa hiyo hawachorwi upya, wanahamishwa kutoka maonyesho ya nyuma. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu. Wewe unachora, mimi nanakili na kubandika. Herufi C kwenye kibodi imefutika kwa kidole changu, na V iko njiani.

Unaukumbuka mtumbwi wa kwanza niliouhamisha? Niliunakili kutoka onyesho la pili, nikaubandika la tatu, ukatua juu ya bati la nyumba. Ulicheka mpaka ukaweka kikombe chini. Ukasema Nuhu amepita Ujiji na hakuaga. Halafu ukanieleza kwa upole kwamba kitu kilichohamishwa hakijui kimefika wapi, kinakaa palepale kilipozoea kukaa, na ni juu yangu kukionyesha mahali.

Kwa vivuli hukuwa na upole. Kila mtu uliyemchora alikuwa na kivuli kimeshikamana naye, ukimnakili kinakuja pamoja naye. Asubuhi vivuli vyote vinaelekea ziwani, kwa sababu jua linatokea nyuma ya mji. Jioni lazima vielekee nchi kavu. "Ezekieli, jua linazama Kongo, halizami Katubuka kwenu," uliniambia, ukanifutisha watu sita. Ulitaka kivuli cha zamani kiondolewe, kipya kichorwe kwa mkono pale mtu alipofika. Nacho ulikichora wewe, kwa sababu mimi sichori.

Basi peke yangu nikafanya ujanja. Nikawabandika wote, nikawageuza kama watu wanaoonekana kwenye kioo. Ni kubofya mara moja tu. Mama wa mawese, mshona nyavu, babu mwenye baiskeli, vivuli vyao vyote vikaangukia nchi kavu. Nikajiambia Dada angekasirika, lakini hayupo. Nisamehe, niliwaza hivyohivyo.

Mama yako akaomba aone. Nikambebea kompyuta, tukakaa mkekani. Onyesho la kwanza tu akanishika mkono nisimamishe. Akanyoosha kidole nyuma kabisa ya watu, kwa mwanamke mdogo anayefuata ufuko, mgongo umetugeukia, ana ndoo ya buluu. "Huyu ni Mwajuma," akasema.

Nimemtazama mwanamke yule mwaka mzima. Niliwahi hata kukuambia tumfute, anajaza nafasi bure, ukanijibu, "Mwache apite." Hukuniambia kwamba ni wewe. Mama alikujua kwa kanga ilivyofungwa na kwa bega linaloshuka upande mmoja. Picha zako alizobaki nazo ni mbili, moja ya kitambulisho, na zote umenuna. Akaniuliza kama mwenye ndoo naye atarudi mwishoni na wenzake. "Mrudishe na yeye," akasema. Nikamjibu ni kazi ya dakika moja.

Na kweli niliifanya kwa dakika moja. Nikakunakili, nikakubandika karibu na mtoto na bata wake, nikakugeuza kama wengine, nikamsogezea kompyuta.

Aliitazama ndoo. Kisha akasema, "Huyo si wangu. Wangu lini alishika ndoo kwa mkono wa kulia?"

Dada, wewe ni wa kushoto. Nimekaa pembeni yako miaka minne tukigongana viwiko, na nilisahau. Kivuli kilikaa sawa, ndoo ikahamia kulia. Na mama ndiye aliyekuchapa utotoni ili uache kushoto, akashindwa, akakuacha ulivyo. Mimi nimekubadilisha kwa kidole kimoja. Badala ya kuomba radhi nikamwambia, "Mama, hii ni katuni tu." Uchovu ndio uliosema, lakini mdomo ulikuwa wangu. Akajifuta macho kwa upindo wa kanga, akaniuliza kama niongezewe ugali. Afadhali angenitukana.

Nilirudi hapa nikakugeuza ulivyokuwa. Ndoo ikarudi kushoto, na kivuli nacho kikarudi kuelekea ziwani, kwenye jua lenyewe, jambo ambalo hata mtoto wa chekechea wa Kigoma angelicheka. Ikabaki njia moja, ile yako. Nikakifuta. Ukabaki umesimama mchangani, wenzako wote wana vivuli, wewe huna. Sikuweza kutazama. Nikazima.

Siku tatu sikuigusa kompyuta. Nilifua, nikafagia, nikampelekea baba habari kwamba naiacha kazi hii, narudi kumsaidia kwenye michikichi. Baba akasema nije tu, mikono haitoshi. Nilikuwa nimeamua, Dada. Sitaki kukudanganya.

Kilichonirudisha ni kile kidole cha mama kwenye ile ndoo. Siku ya nne jioni nikashuka Bangwe nikawatazama akina mama wakizoa dagaa waliokauka. Nikatazama vivuli vyao tu, vinavyorefuka mchangani na kuvunjika kwenye mawe. Wakaniuliza nimepoteza nini. Nikasema natafuta bata.

Asubuhi yake nikachukua kalamu yako ya kuchorea kompyutani, ile yenye alama za meno yako kwenye kitako. Nikachora, nikafuta. Mkono ulikuwa unakwenda unakotaka wenyewe. Sijui mara ya ngapi nikakiacha kama kilivyo. Ni kibaya. Mguu mmoja umevimba, na ndoo imekuwa chungu cha maharage. Lakini kinaanzia miguuni pako na kinaelekea nchi kavu.

Leo nimempelekea mama. Kwanza nilimwomba radhi kwa lile neno, akasema alishalisahau, na nikajua hajalisahau. Akatazama. Akasema kivuli kina matende. Nikamwambia ndiyo, mama, nimekichora mimi. Akasogeza uso mpaka karibu na kioo cha kompyuta, akaweka kidole kwenye mkono wako wa kushoto, akakaa nacho pale.

"Ego," akaitika ndiyo kwa Kiha, kwa sauti ileile anayokuitikia ukibisha hodi. "Ni yeye."

Halafu akanipakulia. Ndiyo maana nimekula.

Sasa nawatazama hawa wengine niliowageuza, na siwezi tena. Mama wa mawese ulimchora kwa kumtazama jirani yako wa mlango wa pili, nimemwona asubuhi akipima mafuta, kibaba kiko mkono wa kulia, kwangu kiko kushoto. Mshona nyavu naye ana watoto wake watakaomtazama. Nakuahidi nitawarudisha wote, mmoja mmoja, kila mtu na mkono wake, na vivuli vyao nitavichora. Vitakuwa vibaya. Ungevifuta. Baba nimempigia, nimemwambia michikichi isubiri.

Kwa heri, Dada. Mungu akupumzishe, maana mimi bado sijakupumzisha. Kalamu yako nimeipangusa, ila alama za meno nimeziacha. Kesho naanza na mama wa mawese.

Mdogo wako,
Ezekieli